Busia Mbili na Diski Moja: Historia ya Kuvipa Majina Vifaa vya Kuhifadhia Data Ikitazamwa kutoka Mpaka wa Kenya na Uganda

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya taratibu ambazo mifumo endeshi ya kompyuta imezitumia kuvipa majina vifaa vya kuhifadhia data, tangu herufi moja moja za miaka ya 1970 hadi vitambulisho virefu vya sasa. Historia hiyo inasomwa sambamba na ile ya majina ya kiutawala katika eneo la Busia na Tororo, ambako jina, namba na mamlaka vimebadilika mara kadhaa huku ardhi na watu wakibaki palepale. Inadaiwa kwamba jina linalotokana na mahali au zamu huukalia ulimi vizuri lakini huipotosha kumbukumbu, na kwamba dai hilo linazigusa pia istilahi za Kiswahili za kompyuta, hasa neno kiendeshi.

Mahali pamoja, namba nyingi

Msafiri aliye Kisumu akisema kwamba anakwenda Busia, hajamaliza kusema. Iko Busia ya Kenya na iko Busia ya Uganda, na kati yao pana mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kaskazini kidogo hali ni hiyohiyo kwa Malaba, mji wa mpakani ambao nusu yake ya magharibi iko katika wilaya ya Tororo. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso vilevile, na soko la upande mmoja hutegemea wateja wa upande wa pili. Kinachotenganisha ni daftari la serikali.

Daftari hilo lina tarehe. Hadi mwisho wa Machi 1902, nchi yote iliyo mashariki mwa eneo hili, kupitia Mumias na Kisumu hadi Naivasha, ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa himaya ya Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa huo ulihamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hakuna kijiji kilichohama. Mstari wenyewe ulielezwa kwa kina katika amri ya mwaka 1926, nao hadi leo unaifuata mito, ukiwemo Sio na Malaba, kuelekea Mlima Elgon. Upande wa Uganda, Busia iliendelea kuwa sehemu ya Tororo hadi 1997, ilipomegwa kuwa wilaya inayojitegemea.

Mabadiliko hayo yanaonekana vizuri zaidi katika namba kuliko katika ramani. Jedwali la Kwanza la Katiba ya Kenya ya 2010 linazitaja kaunti 47 kwa kufuata mpangilio wa mikoa ya zamani, likianzia pwani kwa Mombasa na kuishia kwa Nairobi. Humo Busia ni ya 40. Shirika la kimataifa la viwango, katika orodha yake ya misimbo ya maeneo, limezipanga kaunti hizohizo kwa alfabeti: Baringo 01, Bomet 02, Bungoma 03, Busia 04. Kaunti moja, basi, ni ya arobaini kwa mhesabu mmoja na ya nne kwa mwingine, na hakuna aliyekosea, kwa kuwa namba hizi hazisemi lolote kuhusu Busia yenyewe. Zinaeleza tu foleni ilipangwaje.

Orodha ya Uganda inafundisha zaidi. Tarakimu ya kwanza ya msimbo ni ya mkoa, na mkoa wa mashariki una 2. Wilaya zake zilianza kwa alfabeti kamili: Bugiri 201, Busia 202, Iganga 203, hadi Tororo 212. Kisha zikazaliwa wilaya mpya. Kaberamaido ikapata 213, Mayuge 214, Sironko 215, yaani alfabeti ilianza tena nyuma ya Tororo, kwa sababu kuziingiza wilaya hizo mahali pake kungelazimisha kubadilisha misimbo iliyokwisha andikwa katika nyaraka. Aliyebuni mpango huo hakukosa akili. Alifikiri tu kwamba orodha imefungwa.

Waliobuni majina ya diski katika mifumo endeshi walifikiri hivyohivyo, tena zaidi ya mara moja.

Herufi iliyobaki baada ya kitu kuondoka

Mfumo endeshi wa CP/M, uliobuniwa na Gary Kildall nchini Marekani mwaka 1974, uliziita nafasi za disketi kwa herufi: A, B, na kuendelea. Desturi ya herufi ilikuwa na mizizi katika mifumo ya IBM ya miaka ya 1960, lakini ni CP/M iliyoipeleka kwenye kompyuta ndogo. Kompyuta ya binafsi ya IBM ilipotoka mwaka 1981 ikiwa na mfumo wa DOS wa Microsoft, iliirithi: A ni nafasi ya disketi ya kwanza, B ya pili. Mwaka 1983 ulipokuja mtindo wa XT wenye diski ngumu ndani yake, diski hiyo ilipewa herufi iliyokuwa wazi, C.

Disketi zimetoweka. Kompyuta nyingi zilizomo katika maabara za shule za sekondari leo hazijawahi kuwa na nafasi ya disketi, na wanafunzi wanaozitumia hawajawahi kuishika. Hata hivyo diski kuu bado ni C, na mwanafunzi anayeuliza A na B zilikwenda wapi huwa ameuliza swali la historia, ingawa mara nyingi hujibiwa kwamba ndivyo kompyuta zilivyo.

Watu wa Busia wasingepaswa kushangazwa na jambo hilo, kwani mji wao unatajwa kuwa chimbuko la mfano maarufu wa aina hiyo katika Afrika Mashariki. Kwa maelezo yanayotolewa mara nyingi zaidi, neno bodaboda lilizaliwa hapa katika miaka ya 1960, wakati waendesha baiskeli walipowabeba wasafiri na mizigo kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda, wakiwanadia safari ya kutoka mpaka hadi mpaka kwa neno la Kiingereza lililovishwa irabu za Kiswahili. Jina lilitokana na mahali. Baiskeli ikawa pikipiki, na pikipiki ikaenda Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, miji ambayo haina mpaka wa nchi wa kuvukwa. Bodaboda imebaki bodaboda kama C ilivyobaki C. Jina fupi likishaingia vinywani halihitaji tena sababu iliyolizaa.

Jina la namna hiyo halina madhara maadamu kila mtu anakifahamu kinachotajwa. Madhara huanza pale jina linapoandikwa katika amri ambayo mashine itaitekeleza bila kuuliza.

Zamu ya kugunduliwa

Mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, ulichukua njia nyingine. Kila kifaa kilipewa faili lake katika saraka iitwayo /dev, na jina la faili liliundwa kwa herufi za aina ya kifaa zikifuatwa na namba: diski ya kwanza ya aina ya RK ikawa rk0. Mfumo wa Solaris ulioufuata baadaye ulirefusha wazo hilo, ukaandika majina kama c0t0d0s0, ambamo kila herufi na namba yake hutaja hatua moja ya njia ya kuifikia diski. Ni anwani kamili, mfano wa kutaja mkoa, wilaya, tarafa na kijiji.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilianza na taratibu mbili kwa pamoja. Diski za aina ya IDE ziliitwa hda, hdb, hdc na hdd. Ubao wa kompyuta ulikuwa na nyaya mbili, na kila waya ulibeba diski mbili. Diski iliyokuwa ya kwanza kwenye waya wa pili iliitwa hdc hata kama waya wa kwanza ulikuwa mtupu. Hili lilikuwa jina la mahali. Diski za aina ya SCSI ziliitwa sda, sdb, sdc kwa kufuata zamu ya kugunduliwa wakati kompyuta inawaka. Hili lilikuwa jina la foleni.

Tofauti kati ya mawili hayo haikuwasumbua wengi hadi vifaa vya USB vilipoenea. Flashi nayo iliingizwa katika familia ya sd, ikapanga foleni pamoja na diski za ndani. Tatizo la foleni ni kwamba anayetangulia leo huenda akachelewa kesho. Chukua mfano wa kompyuta ya ofisi yenye diski ya kazi na diski ya nakala za akiba. Leo ya kazi ni sda na ya akiba ni sdb. Kesho mtu anaongeza diski ya tatu, au anahamisha waya, na ile ya akiba inaamka ikiitwa sdc. Faili la mipangilio linaloeleza ni diski ipi ifungwe wapi bado linasema sdb. Amri ya kufuta sdb iliyokuwa salama jana leo inafuta kitu kingine, na hapo mashine imetii jina kikamilifu. Kumbukumbu za mahudhurio, matokeo ya mitihani au hesabu za ushirika hupotea pasipo hitilafu yoyote ya chuma wala programu.

Kisha ukaja mwaka 2007. Watengenezaji wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, walikuwa wameunganisha programu za kuendesha diski za IDE na zile za aina mpya, na usambazaji wa Fedora 7 uliotolewa mwaka huo ulizihamishia diski zote katika familia ya sd. Aliyesasisha mfumo wake alilala akiwa na hda na kuamka akiwa na sda. Diski haikuguswa, waya haukuguswa. Mwanahistoria wa eneo la Busia anaitambua hali hiyo: ni tarehe 1 Aprili 1902 katika umbo la chuma, ambapo aliyehama ni mtawala, na aliyebadilishiwa jina ni yule aliyekaa tuli.

Kitambulisho kisichotamkika

Majibu yaliyotolewa yalikuwa mawili, na la kwanza lilishindwa. Mfumo wa devfs, ulioandikwa na Richard Gooch na kuingia katika kerneli ya 2.4, uliyaweka majina ndani ya kerneli yenyewe na kuyarefusha kuwa njia nzima ya vipengele vitano au sita. Ulipingwa kwa sababu kadhaa za kiufundi, lakini pingamizi moja lilikuwa la kanuni: kerneli inapaswa kujua kwamba diski ipo, si kuamua itaitwaje. Kufikia 2006 devfs ilikuwa imeondolewa.

Mrithi wake, udev, ulioanzishwa na Greg Kroah-Hartman mwaka 2003, ulilitoa suala la majina nje ya kerneli na kulikabidhi kwa kanuni ambazo msimamizi wa mashine anaweza kuzisoma na kuzibadilisha. Zaidi ya hapo, uliruhusu diski moja kuwa na majina mengi kwa wakati mmoja. Katika saraka ya /dev/disk diski ileile hupatikana kwa njia iliyopitiwa kuifikia, kwa namba ya kiwandani, kwa lebo iliyoandikwa na mwenyewe, na kwa kitambulisho cha kipekee kinachojulikana kwa herufi UUID. Jina la foleni nalo halikufutwa. Jamii za mpaka huu zinaufahamu utaratibu huo, ambamo mtu mmoja ana jina la ukoo, jina la ubatizo au la Kiislamu, jina la utani la sokoni, na namba ya kitambulisho inayotolewa tu mbele ya askari.

UUID ina biti 128, na huandikwa kwa tarakimu 32 za hesabu ya kumi na sita katika mafungu matano. Huandikwa ndani ya mfumo wa faili wenyewe, hivyo husafiri pamoja na data popote diski inapochomekwa. Usambazaji wa Ubuntu uliuingiza katika faili la mipangilio mwaka 2006, na tangu wakati huo kuhamisha waya hakumpotezi mtu. Gharama yake inajulikana: hakuna anayeweza kuikariri, kuisoma kwenye simu bila kukosea, wala kuitofautisha na nyingine kwa jicho.

Iko kasoro ya pili ambayo haisemwi vya kutosha. Mtu akiinakili diski nzima, biti kwa biti, nakala hiyo hubeba pia kitambulisho cha ile ya kwanza. Zikichomekwa pamoja, mfumo una Busia mbili mbele yake. Kitambulisho kilichosifiwa kuwa cha kipekee kinakuwa cha pacha, na kinachobaki kuwatenganisha ni kile kilichodharauliwa mwanzoni, yaani mahali: hii imechomekwa hapa, ile pale. Vivyo hivyo, fundi anayeamka usiku kubadilisha diski iliyokufa katika seva yenye nafasi 24 hahitaji tarakimu 32. Anahitaji kuambiwa ni nafasi ya ngapi kutoka kushoto. Kwa hiyo ni vigumu kukubaliana na wale wanaoieleza historia hii kama safari iliyonyooka kutoka jina baya la mahali hadi jina jema la utambulisho. Kila jina hujibu swali lake, na makosa makubwa yametokea pale jina la swali moja lilipopelekwa kujibu swali jingine.

Kiendeshi ambacho hakiendeshi

Wanaisimu hawana sababu ya kuwacheka wahandisi. Istilahi za Kiswahili za kompyuta ziliharakishwa katika muongo wa kwanza wa karne hii, na kazi muhimu ilifanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ukifuatwa na tafsiri za programu za Microsoft. Katika kazi hizo na zilizofuata, neno kiendeshi lilienea kuwa jina la kifaa cha diski. Ni tafsiri ya neno la Kiingereza lenye kuhusu uendeshaji, na kwa kifaa cha kwanza cha aina hiyo lilifaa: diski ya IBM ya mwaka 1956 ilikuwa na sahani 50 zilizozungushwa na mota. Kulikuwa na kitu kilichoendeshwa.

Katika vifaa vya kisasa vya kumbukumbu za elektroniki hakuna kinachozunguka, wala hakuna diski. Kiswahili kimerithi kutoka Kiingereza jina lililotolewa kwa mwendo, na mwendo umekoma. Hilo peke yake lingevumilika, kama C inavyovumilika. Lisilovumilika kirahisi ni mzigo uliowekwa kwenye shina moja: mfumo endeshi, programu endeshi ya kifaa, na kiendeshi chenyewe. Mwanafunzi wa Tororo ambaye Kiswahili chake cha kwanza amekipata stendi, kwa mwendesha bodaboda, anakutana na shina hilo mara tatu katika ukurasa mmoja, kila mara kwa maana tofauti, na hakuna hata moja inayomwambia kwamba kifaa hiki kazi yake ni kutunza.

Suala hili lina uzito mpya. Uganda ilikiweka Kiswahili katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza lake la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima. Kwa hiyo wilaya za Busia na Tororo zinapokea istilahi kutoka pande mbili, tarakilishi kutoka vitabu vya Kenya na kompyuta kutoka vya Tanzania, bila kuwa na desturi ya muda mrefu ya darasani inayoegemea upande wowote. Kilichokwisha kukauka kwingine hapa bado ni udongo mbichi.

Shina la hifadhi linafaa zaidi, ingawa nalo halina nafasi tele. Hifadhidata limechukuliwa kwa mkusanyiko wa data wenye mpangilio, na kihifadhi husikika katika lugha ya vyakula kwa kemikali inayozuia kuoza. Umbo la kutendea linatoa kihifadhio, kitu cha kuhifadhia, lenye muundo ambao mzungumzaji ameuzoea katika maneno kama kifungulio. Linataja kazi, na kazi ya kifaa hiki haijabadilika tangu 1956, ingawa umbo lake limebadilika mara nyingi. Hoja kwamba kiendeshi limekwisha zoeleka ina nguvu nchini Tanzania kuliko Uganda, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ndiyo yenye nafasi ya kuzisikia pande zote kabla vitabu vya Uganda havijachapwa kwa wingi.

Lebo

Jina ambalo mtumiaji wa kawaida ana uwezo wa kulichagua mwenyewe ni lebo. Flashi inayotoka shuleni Tororo kwenda kuchapisha mitihani mjini Busia itaitwa E katika kompyuta moja na F katika nyingine, kulingana na foleni iliyoikuta. Flashi nyingi hutumia mfumo wa faili wa familia ya FAT, ambamo kitambulisho cha ndani kina tarakimu nane tu, na watumiaji wachache wamewahi kukiona. Lebo huonekana kila inapochomekwa, husafiri nayo, na inaweza kutaja mwenye mali au kazi yake. Walimu wanaozigawa flashi bila kuziandikia lebo wanawaachia wanafunzi herufi ya foleni kuwa jina la pekee.

Katika mfumo huo wa FAT lebo ina nafasi 11 za herufi, na nafasi tupu ya kati huhesabiwa. BUSIA KENYA inaingia kikamilifu. BUSIA UGANDA inazidi kwa herufi moja, na flashi hiyo italazimika kuitwa BUSIA UG.